Musique du Burundi (albamu)

Musique du Burundi ni albamu ya muziki wa asili wa Burundi, iliyotolewa Ufaransa na lebo ya Ocora mwaka 1968 kutokana na rekodi alizofanya Michel Vuylsteke mwaka 1967. Wasikilizaji wa ng’ambo walivutiwa zaidi na ngoma za kifalme, za aina ile inayohifadhiwa Gishora, karibu na Gitega, kilima kinachohusishwa na Mwami (mfalme) Mwezi Gisabo.

Mapokezi yake yalipitia mlango wa nyuma. Mwaka 1971 Mfaransa Michel Bernholc alibandika gitaa na kinanda juu ya midundo hiyo, na “Burundi Black” ikaingia chati za Uingereza. Joni Mitchell aliitumia rekodi ya wapigangoma wa Burundi katika “The Jungle Line” (1975). Kisha bendi za Adam and the Ants na Bow Wow Wow wakaujenga mtindo wao juu ya mdundo wa aina hiyo. Magazeti ya Uingereza yakauita mpya, jambo ambalo mzee yeyote wa Gishora angelicheka.

Robert Palmer wa The New York Times aligusa suala zito zaidi mwaka 1981: fedha zilikuwa zikiwaendea wengine, si wapigangoma. UNESCO iliiorodhesha ngoma ya kifalme kama urithi wa kitamaduni mwaka 2014.