Nduthi Yangu Ilikuwa Imeitwa, Mimi Sikuambiwa

Jumanne moja, kama saa moja jioni, nduthi yangu ilizima katikati ya Waiyaki Way. Haikukohoa wala kuguna vile hufanya petroli ikiisha. Ilizima tu, taa ya mbele ikaenda nayo, na nyuma yangu alikuwa amekaa dadangu mdogo na begi lake la shule. Tulikuwa tumepita Westlands tukienda Kangemi. Lori lililokuwa likitufuata lilipiga honi moja ndefu, likatukwepa kwa upana wa mkono. Niliisukuma hadi kando, nikazungusha ufunguo kushoto na kulia, ikawaka kama vile hakuna kilichotokea. Dadangu hakusema neno mpaka nyumbani. Tangu siku hiyo anapanda matatu.

Mnaonifuata kwa video mnaijua hiyo nduthi. Ndiyo huzunguka nayo tao nikirekodi majengo ya zamani, na siku zingine ndiyo hulipa rent, nikipeleka vyakula na mizigo kutoka mjini hadi Kilimani na Lavington. Leo hakuna video. Hii maneno ni ndefu kuliko dakika tatu.

Kesho yake nilimwendea fundi wa stage yetu, mzee ambaye amekuwa akifungua injini tangu kabla nizaliwe. Hakuuliza maswali mengi. Alishika ule ufunguo, akautikisa, akaangalia vitu vilivyoning'inia: ufunguo wa nyumba, wa geti, wa kufuli la stoo, na kifungulia chupa.

"Kwanza punguza huu mzigo," akasema. "Halafu hizi za mwaka wako swichi ya ufunguo ina shida. Si kampuni iliziita?"

"Iliita nani, mzee?"

Akacheka.

Kuitwa, kwa wasiojua, ni hivi. Mwenye kiwanda akigundua kifaa fulani kilitoka na kasoro, anatangaza namba za chesisi za vyombo vilivyoathirika, na wenyewe wanavirudisha dukani wabadilishiwe bure. Kwa nduthi kama yangu, stima ya betri hupitia kwenye swichi ya ufunguo kabla ya kufika kwa plagi na kwa taa. Vile vishaba vya ndani vikilegea, kila kitu kinakatika mara moja. Ni kitu kidogo, kinatoshea kwenye kiganja, na ndicho kinaamua kama utafika.

Nikaenda dukani, lile lenye vioo, na kampuni sitaitaja. Madam wa mapokezi alikuwa mtu mzuri, kusema kweli. Aliingiza namba yangu ya chesisi kwa kompyuta, akasoma, akaniangalia.

"Iko kwa orodha. Lakini hapa inaonyesha tulishampigia mwenyewe, akasema ataileta."

"Mwenyewe ni mimi, madam."

"Jina lako haliko hapa, boss."

Jina lililokuwepo ni la mtu aliyeinunua ikiwa mpya. Yeye aliiuza kwa jamaa wa Kawangware, jamaa akaniuzia mimi, na mkataba wetu ni karatasi moja yenye sahihi mbili na namba ya kitambulisho. Logibuku haijawahi kubadilishwa jina. Najua, najua, hilo ni kosa langu pia. Lakini tembea stage yoyote ya Nairobi uulize ni wangapi logibuku zinasoma majina yao. Nilirudi mara tatu, mara ya mwisho nikiwa na mwenye wa kwanza kwa simu akiwahakikishia kwamba sikuiiba, ndipo wakanibadilishia swichi. Kazi yenyewe ilichukua dakika 40.

Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini darasa la historia halikuniacha. Nikiona mlango umefungwa, nataka kujua nani aliuweka. Kwa nini wampigie mwenye wa kwanza?

Jibu liko Marekani, 1966. Mwaka mmoja kabla ya hapo, wakili kijana anayeitwa Ralph Nader alitoa kitabu, Unsafe at Any Speed, akiwalaumu wenye viwanda vya magari kwa kuuza vyombo wanavyojua vitaua watu. Sura ya kwanza ilihusu Corvair, gari la General Motors. Badala ya kumjibu, General Motors ilikodisha wapelelezi wamfuate wakitafuta uchafu kwa maisha yake. Ikajulikana. Machi 1966 rais wa kampuni, James Roche, aliomba radhi mbele ya maseneta, na Septemba mwaka huo huo Rais Johnson akatia sahihi sheria ya usalama wa magari. Tangu hapo mwenye kiwanda akigundua kasoro alilazimika kumwandikia mnunuzi barua ya rejista.

Mnunuzi yupi sasa? Sheria ilisema mnunuzi wa kwanza, na waliofuata ikiwa tu waliachiwa warantii. Tena haikulazimisha kampuni kurekebisha bure. Ungeweza kupata barua inayosema gari lako ni hatari, halafu ulipie fundi mwenyewe. Ilichukua hadi 1974 kurekebisha hayo mawili: ukarabati ukawa bure, na barua ikawa inaenda kwa yule aliyesajiliwa kama mwenye gari kwenye jimbo lake. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu. Mimi pale dukani, na simu yangu ya intaneti mfukoni, nilikuwa nimehudumiwa kwa mtindo wa 1966.

Lakini hata orodha nzuri haitoshi kama aliye na habari ananyamaza, na hapa swichi ya ufunguo ina kesi yake kubwa kuliko zote. General Motors tena, kampuni ambayo hadi 2017 ilikuwa na hisa kwenye kile kiwanda cha Isuzu hapa kwetu Mombasa Road, ingawa magari ninayoyasema hayakutoka huko. Yalikuwa madogo ya bei nafuu, kama Chevrolet Cobalt. Ndani ya swichi kuna kipini kidogo chenye springi kinachoshikilia ufunguo mahali pake. Kwenye hizo gari kilikuwa kinyonge. Ukiugusa kwa goti, au mnyororo wa funguo ukiwa mzito, ufunguo unarudi nyuma, injini inazima gari likiwa kasi, usukani unakuwa mgumu, na ile mifuko ya hewa ya kukuokoa haifunguki.

Wahandisi waliliona mapema. Mwaka 2005 kampuni iliwatumia wauzaji wake waraka: waambieni wateja wapunguze vitu vizito kwenye mnyororo wa funguo. Basi. Ushauri ule ule wa mzee wa stage yetu, tofauti ni kwamba mzee hakuitengeneza hiyo swichi. Halafu 2006 kipini kikabadilishwa kimyakimya, kikawekwa kilicho imara, na namba ya spea ikaachwa ile ile. Mtu yeyote akiangalia makaratasi, swichi ya zamani na mpya ni kitu kimoja.

Mwaka 2010 nesi mmoja kijana wa jimbo la Georgia alikufa kwenye Cobalt yake. Wazazi wake hawakukubali kwamba binti yao hakujua kuendesha. Wakili wao akatafuta mhandisi, na mhandisi akafanya kitu ambacho makanika yeyote wa Grogan angefanya: alinunua swichi mpya, akaifungua, akaiweka kando ya ile ya zamani. Namba sawa. Kipini cha mpya kilikuwa kirefu zaidi, tofauti isiyofika milimita mbili. Hapo uongo ukaisha. Februari 2014 kampuni ilianza kuyaita magari, mwishowe yakafika milioni 2.6. Mwanzoni ilisema vifo ni 13. Mfuko wa fidia uliofuata ulikubali 124. Mwaka 2015 ikalipa serikali ya Marekani dola milioni 900.

Turudi Nairobi, kwa sababu sisi historia yetu ni ingine. Boda ilianza kama baiskeli kule mpaka wa Busia, ikivusha watu na mizigo. Pikipiki ilikuwa chombo cha polisi, cha kasisi na cha afisa wa kilimo. Halafu 2008 serikali ikaondoa VAT kwa pikipiki za chini ya 250cc, na kufikia 2011 zilizosajiliwa kwa mwaka mmoja zilikuwa zaidi ya laki moja. Zikanunuliwa na chama, na mjomba, na mwalimu anayempa deiwaka aendeshe amletee pesa kila jioni. Anayeilipia, anayeandikwa na anayeikalia wanaweza kuwa watu watatu. Hakuna aliyeunda orodha ya kuwafikia wote.

Sheria tuko nazo. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mtumiaji haki ya bidhaa za ubora unaofaa, haki ya kupewa habari, kulindwa usalama wake, na kulipwa fidia akiumizwa na kasoro. Kisha kuna sheria ya kuwalinda watumiaji ya 2012. Nazisoma na kukubali kila neno. Bado simu ilipigwa kwa mtu asiye na nduthi.

Na usiniambie ati Wakenya hatuwezi kuweka orodha. Hapa mjini orodha ni kitu cha zamani sana. Serikali ya mkoloni ilipitisha sheria ya kipande 1915, na baada ya vita ikaanza kuitumia: kila mwanaume Mwafrika abebe karatasi ya alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara, ndani ya kikebe cha chuma alichokivaa shingoni. Ukitoroka shamba la mzungu, unatafutwa na unapatikana. Kipande kilikuwa kati ya mambo aliyoyapinga Harry Thuku, na Machi 1922 watu waliokusanyika kudai aachiliwe walipigwa risasi karibu na Hoteli ya Norfolk, kwenye barabara ambayo leo ina jina lake. Mimi hupita hapo karibu kila siku na mzigo wa mtu mgongoni.

Daftari la magari nalo, kabla ya NTSA kuundwa kwa sheria ya 2012, lilikuwa chini ya KRA, watu wa kodi. Linajua nani alilipa. Halikutengenezwa likisubiri kumwambia mtu kwamba swichi yake ina kasoro.

Lakini kinachoniuma zaidi ni hiki. Wenzangu wengi stage wana nduthi za mkopo, na ndani ya hizo nduthi kuna kifaa cha GPS. Usipoleta ya siku mbili tatu, mwenye deni anajua uko Uthiru nyuma ya kibanda gani. Anakupata bila shida, saa nne usiku, mvua ikinyesha. Mtambo upo, namba ya simu ipo, ramani ipo. Sijasikia hata mmoja aliyepigiwa na mtambo huo kuambiwa nduthi yake imeitwa.

Baada ya yangu kutengenezwa nilipitia Kirinyaga Road, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan, kuuliza tu. Kwa duka la tatu nilipata swichi ya modeli yangu. Ilikuwa mpya, imefungwa kwa plastiki. Nikamuuliza kijana ni ya kabla ya kuitwa au ya baadaye. Akaigeuza, akaisoma namba, akaniambia, "Bro, swichi ni swichi." Hakuwa anadanganya. Hata mimi niliishika kwa mikono miwili na sikuweza kujua.

Basi nikarudi kwa yule madam na kumuuliza kitu kimoja: namba za chesisi zinaanzia wapi na kuishia wapi. Alisita, akaangalia nyuma, akaziandika nyuma ya risiti yangu. Niliipiga picha nikaituma kwa grupu ya stage. Tuko nduthi tisa za modeli hiyo. Jioni tuliinama mmoja mmoja na tochi za simu kwenye shingo za pikipiki, tukisoma namba kwa sauti kama watoto wa nasari. Nne zilikuwa ndani, yangu ikiwemo.

Wawili wameshaenda dukani. Mmoja logibuku ina jina la bosi wake wa zamani, amekwama hapo. Wa nne ana mkopo. Kwenda dukani na kusubiri ni nusu siku, na aliniuliza, bila hasira, kama mimi nitamlipia hiyo nusu siku. Sikuwa na jibu. Kwa sasa ameutoa ule mnyororo mzito kwenye ufunguo wake, na funguo za nyumba anazibeba mfukoni.