UZI: Nani aliwapa ruhusa ya kuandamana?

1/ Maandamano yakitangazwa tu, hata hapa sokoni Nyacheki utasikia: "Hao vijana wamepewa ruhusa na nani?" Juzi mzee mmoja aliniuliza hivyo nikakosa jibu la haraka. Jibu lenyewe liko kwenye historia. Sitaji chama wala mwanasiasa.

2/ Tuanzie kwetu. 1908 Otenyo alimchoma mkuki DC wa Kisii, Northcote, ambaye alipona. Aliyechoma ni mmoja, lakini serikali ya kikoloni iliadhibu jamii nzima. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakachukuliwa. Hakuna aliyeulizwa, "Wewe ulikuwepo?"

3/ Nairobi, 16 Machi 1922. Umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi kudai kiongozi wao aliyekamatwa aachiliwe. Polisi wakapiga risasi. Zaidi ya watu 20 walikufa, akiwemo Mary Muthoni Nyanjiru, aliyekuwa mbele ya kina mama.

4/ 1950 ikaja sheria ya utulivu wa umma, ile Sura ya 56. Mkutano wa hadhara ukahitaji leseni, na kwa miaka mingi mwenye kalamu alikuwa DC. 1953, katikati ya hali ya hatari, kikaundwa kikosi cha GSU. Kilizaliwa vitani, na vitani umati ni adui, unatawanywa.

5/ Uhuru ukaja 1963. Bendera ikabadilika, leseni ikabaki. Kikosi pia kikabaki.

6/ Sasa hapa ndipo wengi hupitwa. 1997 leseni iliondolewa! Tangu hapo mwandalizi anatoa NOTISI kwa polisi, kati ya siku 3 na siku 14 kabla. Anaandika jina lake, mahali au njia, na saa. Kutoa notisi si kuomba ruhusa. Ni kama kumwambia jirani kesho una sherehe.

7/ Katiba ya 2010, kifungu cha 37: kila mtu ana haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani, bila silaha. 2011 ikaja sheria ya Huduma ya Polisi. Jedwali lake la sita linasema njia zisizo za nguvu zitangulie. Nguvu ikitumika, ilingane na kosa. Afisa aliyevaa sare aonyeshe jina au namba yake. Mtu akifa au kuumizwa vibaya, IPOA iarifiwe. Na "niliagizwa na mkubwa" si kisingizio.

8/ "Lakini wengine hurusha mawe na kuvunja maduka!" Kweli, na mwenye duka ana haki ya kulindwa. Huyo aliyevunja akamatwe, apelekwe kortini. Lakini ukirusha vitoa machozi kwa barabara nzima, hadi kwa mama muuza ndizi, umerudi 1908: mmoja akikosa, wote wanalipa.

9/ Kwa hivyo mzee wangu, jibu ni hili. Ruhusa ilitolewa na Katiba. Swali la kuuliza polisi siku hiyo ni: nani hasa alikosa, na mlifanya nini kumpata yeye peke yake?

Sambaza, halafu tubishane tukiwa tunajua sheria.