Mwani wa Paje na miale ya Manila

Wadau, mwani mnaouona ukianikwa Paje na Jambiani una ukoo Ufilipino. Mbegu ililetwa kutoka huko, kilimo kikaanza Zanzibar mwaka 1989. Ukiuchemsha unatoa karajinani, ule utelezi unaoizuia dawa ya meno isichuruzike.

Hapa ndipo wenzetu walipotuacha. Molekuli za karajinani ni ndefu kama nyuzi. Ndani ya maji zinasongana, mchanganyiko unakuwa mzito kama uji. Ukiukoroga unalegea, ukiuacha unarudi uzito wake. Taasisi ya nyuklia ya Ufilipino ikaipiga karajinani miale ya gama. Miale inazikata nyuzi, na ikipigwa ikiwa majini, maji yenyewe yanavunjika na vipande vyake vinaendeleza ukataji. Uji unageuka mwepesi kama maji, ukoroge usikoroge. (Hapana, haubaki na mionzi!) Miaka ya 2010 wakulima wa mpunga huko wakaanza kuunyunyizia mashambani ili mimea istawi.

Sisi je? Sabuni za mwani zipo, nimezinunua. Ila mwani wetu mwingi bado unapanda meli ukiwa mkavu, na mama aliyeulima analipwa kwa kilo.