Msimbo wa Kati: Historia ya Kuikagua Kompaila

Simu ya Android inayopokea malipo ya ndizi pale Bulyaga, mjini Tukuyu, inaendeshwa na kazi ya kompaila, yaani programu inayogeuza maandishi ya mtaalamu kuwa amri za mashine. Katikati ya safari hiyo upo msimbo wa kati, unaoboreshwa hatua kwa hatua. Haki ya kuusoma haikuwa ya kila mtu tangu mwanzo.

Kompaila ya lugha ya programu ya FORTRAN, iliyojengwa na John Backus na wenzake wa IBM, ilitoka mwaka 1957. Ilikuwa na sehemu sita zilizopokezana kazi. Backus alikuja kusimulia kwamba matokeo yake yaliwashangaza hata wajenzi wenyewe: amri zilihamishwa na kufupishwa hivi kwamba iliwabidi wazichunguze ndipo waridhike kuwa ni sahihi.

Mwaka huohuo Frances Allen aliajiriwa IBM kuwafundisha wanasayansi FORTRAN, na ili aifundishe akaisoma kompaila yenyewe. Mwaka 1966 alieleza uboreshaji kwa kuuchora mtiririko wa programu; mwaka 1971, pamoja na John Cocke, akaorodhesha mbinu zake moja baada ya nyingine. Mbinu ikishakuwa na jina na mipaka, hukaguliwa peke yake. Mwaka 2006 Allen akawa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Turing.

Kwetu mlango wa kuufikia ujuzi huo ulikuwa mwembamba: mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta.

Desemba 2000, katika Chuo Kikuu cha Illinois, Chris Lattner na Vikram Adve walianzisha LLVM, mfumo wa kujengea kompaila, ambao leo hutumika kujenga Android. Msimbo wake wa kati huweza kuchapishwa kwa maandishi yanayosomeka baada ya kila hatua. Chukua programu inayozidisha mikungu 3 kwa shilingi 8,000. Mwanzoni utaziona namba zikihifadhiwa, kisha zikizidishwa; hatua chache mbele imebaki 24,000 tu. Ikitokea 2,400, unarudi nyuma hadi hatua iliyoharibu hesabu.

LLVM hupatikana bure. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya anaweza kuona leo kile ambacho mwaka 1957 kilionwa na wajenzi peke yao. Walimu wa programu wampe zoezi hilo mapema, ajifunze kuidai mashine maelezo ya kila hatua.