Picha ya familia: darajani au deltani?

Wadau, wiki iliyopita nilikuwa Kibiti na dada. Alitaka picha na wanawe wawili. "Twende Daraja la Mkapa," akasema. Kweli daraja linapendeza, lilifunguliwa 2003, wasafiri wengi hupiga picha pale. Mimi nikataka deltani.

Kisa? Julai 11, 1915, manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilizidiwa na Waingereza humo deltani, Wajerumani wakaizamisha wenyewe. Mizinga yake 10 ikaopolewa, Waafrika wakaikokota hadi Dar es Salaam. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, watoto hupigwa picha kando yake. Nahodha tunamjua: Max Looff. Waliovuta kamba je? Vitabuni ni "wapagazi", basi.

"Sasa mdogo wangu, huko kuna nini cha kuonekana?" Mikoko na maji, nikakubali.

Tukaenda Nyamisati. Wapwa zangu wamesimama mbele ya mikoko, matope hadi magotini, mmoja kafumba macho. Nyuma ya picha nimeandika majina yao, la mama yao na la babu yao.

Wadau, zenu mmeziandika? Alamsiki.