Kijitu cha ubongoni

Daktari Wilder Penfield wa Montreal, Kanada, aliwapasua fuvu wagonjwa wa kifafa wakiwa macho, kwa ganzi ya kichwani tu. Ubongo wenyewe hauna maumivu. Aliugusa kwa umeme hafifu, hapa na pale, huku akiuliza: unasikia nini? Mmoja alisikia ulimi umekufa ganzi, mwingine akasikia mnyeo kwenye dole gumba, na hakuna aliyewagusa huko. Mwaka 1937 yeye na mwenzake Edwin Boldrey walichapisha mchoro wa mtu uliotokana na majibu hayo, wakauita kwa Kilatini homunkulasi, yaani mtu mdogo.

Mimi nasema kijitu. Ki- hudogosha, lakini ki- hiyohiyo imo katika kiwete na kipofu, na mtu huyu wa Penfield ana kasoro kwelikweli: midomo imevimba, vidole vimetanuka, mgongo karibu haupo. Tena tuseme kijitu hiki, si huyu. Ni mchoro, hakina roho.

Kasoro hizo zinatokana na nafasi ya kila kiungo ubongoni: ubongo hugawa nafasi kwa wepesi wa kuhisi, si kwa ukubwa wa kiungo. Fumba macho, mtu akuguse ncha ya kidole kwa njiti mbili za kiberiti zilizoachana milimita 3: utazihisi zote mbili. Akihamia mgongoni, utaapa ni njiti moja, mpaka aziachanishe kama sentimita 4.

Hata hivyo kijitu kina udanganyifu wake, kwa kuwa mara nyingi kichwa chake huchorwa kimekaa mabegani. Kwenye ubongo, ukanda wa mguso hutoka utosini kushuka kuelekea sikioni. Mguu umejificha juu, katika ufa wa katikati. Hufuata kiwiliwili, kisha mkono, na baada ya dole gumba ni uso. Ujirani huo ndio mtafiti wa ubongo V. S. Ramachandran aliotumia kueleza kwa nini baadhi ya waliokatwa mkono, wakiguswa shavuni, huhisi vidole visivyokuwapo vikiguswa.

Kwa hiyo vitabuni ningeandika ramani ya mguso kwa mpangilio wenyewe, na kijitu nikiachie mchoro. Ramani yenyewe hubadilika: kwa wasomaji wazoefu wa nukta nundu, eneo la kidole cha kusomea limeonekana kuwa pana kuliko la kidole hichohicho kwa wasiosoma maandishi hayo.