Twende na Wakati: mchezo wa redio uliofuata barabara za malori

Twende na Wakati ni mchezo wa kuigiza wa mfululizo ulioanza kurushwa na Redio Tanzania Dar es Salaam mwezi Julai 1993, mara mbili kwa wiki. Uliandaliwa kwa mbinu ya Miguel Sabido, mtayarishaji wa televisheni wa Mexico, ya kuelimisha umma kwa njia ya burudani.

Mhusika wake mashuhuri ni Mkwaju, dereva wa lori mwenye wapenzi njiani. Mkewe, Tunu, anavumilia kwa muda, kisha anaachana naye na kuanzisha biashara ndogo ili alishe watoto wake. Mkwaju anaugua Ukimwi na kufariki dunia.

Hadi mwaka 1995, kituo cha Dodoma hakikuurusha mchezo huo, ili watafiti walinganishe maeneo. Ilibainika kwamba ulikosikika, matumizi ya uzazi wa mpango yaliongezeka, na baadhi ya wasikilizaji walisema wamepunguza wapenzi au wameanza kutumia kondomu.

Mtu wa aina ya Mkwaju si mgeni Arua wala Koboko. Malori yaendayo Kongo hupitia Vurra, na yaendayo Sudan Kusini hupitia Oraba. Katika miji hiyo ya mpakani, ambako Kiswahili ni miongoni mwa lugha za sokoni, kisa chake kinaeleweka bila mkalimani: wasikilizaji walimfuata kituo baada ya kituo, na mwisho wa safari yake ukawa somo lisilohitaji mahubiri.